Milimani, Bondeni, Kivumbini: Nakuru Husomwa kwa Miguu

Kila Jumamosi asubuhi nikienda mjini kununua mboga, huyakuta magari ya watalii yamesimama kando ya Kenyatta Avenue. Ni yale yenye paa la kufunuliwa na matope ya jana kwenye magurudumu. Wageni hushuka, huingia supamaketi, hununua maji ya chupa na ndizi. Kama wamekuja wakati mijakaranda imechanua, hupiga picha mbili tatu wakiwa wamesimama karibu na mlango wa gari. Kisha dereva huwaita, mlango huburutwa, na msafara hushika njia ya hifadhi ya ziwa. Wamepita Nakuru kama mtu apitaye sebuleni kwenda chooni.

Siwalaumu. Hakuna aliyewaambia kwamba mjini kuna kitu cha kuona, na hata wangeambiwa, wangepita wapi kwenda kukiona?

Nasema hivi: Nakuru ni mji wa kihistoria, na historia yake haionekani kwenye dirisha la gari. Huonekana kwa miguu. Tukiutengeneza mji ambao mgeni anaweza kuutembea bila hofu, tutakuwa tumemtengenezea pia mtoto wa shule, mama mboga na mzee anayekwenda kliniki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingi tunaitumia methali hii tukitazama zawadi iliyo mkononi mwa mgeni. Mimi naitazama njia aliyoijia.

"Mji wa kale u wapi?"

Mwaka jana wifi yangu alikuja kututembelea kutoka Mombasa. Amezaliwa na kukulia Mji wa Kale, ambako watu huishi na historia kama waishivyo na jirani. Siku ya pili, tukinywa chai, akaniuliza, "Wifi, hapa kwenu mji wa kale u wapi?"

Nikamjibu haraka kwamba sisi hatuna mji wa kale. Hapa ni mji wa reli tu.

"Reli ya lini?"

"Ya mwaka 1900."

"Basi zaidi ya miaka mia si kale?"

Sikuwa na jibu. Tukavaa viatu tukatoka.

Tulianzia kwenye stesheni, kwa kuwa mji wenyewe ulianzia hapo. Reli ya Uganda ilitoka Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa 1900, na Desemba 1901 ikagusa Ziwa Victoria mahali tunapopaita Kisumu leo. Nakuru ilitangazwa kuwa mji mdogo mwaka 1904. Ikachukua miaka 117 kupata hati ya kuwa jiji, tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mwezi huohuo treni ya abiria ya kutoka Nairobi hadi Kisumu ilifufuliwa, ikapita tena hapa. Nilimwonyesha wifi yangu reli, akainama akaigusa kwa kiganja. "Hii ndiyo iliyotoka kwetu," akasema. Mimi nimekaa Nakuru miaka mingi na sikuwahi kuiona hivyo, kama kamba iliyofungwa bandarini kwao na mwisho wake mwingine ukawa mlangoni petu.

Kutoka hapo tukaingia kwenye mitaa ya maduka. Ukienda kwa gari huoni kitu isipokuwa mabango ya simu na mitumba. Ukienda kwa miguu, ukainua macho juu ya bango, unaona ukuta wa zamani, nguzo za varanda, madirisha yaliyojengwa na mtu aliyekuwa akikumbuka Gujarati. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kujenga reli, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara kwa gharama yao wenyewe, wakafungua duka kila stesheni. Ndiyo maana katika mwendo mfupi mjini unapita msikiti, hekalu la Wahindu na gurdwara ya Masingasinga.

Kisha kuna ukumbi wa mji. Agosti 1963, miezi 4 kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta alikuja Nakuru kuzungumza na walowezi wa Kizungu waliokuwa wakijiuliza kama wafunge virago. Mkutano uliongozwa na Delamere, mtoto wa yule Delamere aliyechukua mashamba makubwa katika Bonde la Ufa mwanzoni mwa karne. Kenyatta, aliyekuwa ametoka kifungoni miaka 2 tu iliyopita, aliwaambia wabaki walime, na kwamba pande zote mbili zisameheane. Wakaitikia harambee. Unaweza kuusifu uamuzi ule au kuulaumu. Wako wajukuu wa vibarua katika kaunti hii ambao mpaka leo hawana hata robo ekari, na kwao msamaha ule una ladha ya shubiri. Lakini ni nani anayeweza kuielewa Kenya ya leo bila mchana ule wa Nakuru? Na ni wazazi wangapi humu mjini waliowahi kumshika mtoto mkono wakampeleka pale, wakamwambia, ilitokea hapa?

Majina yanayosema

Wifi yangu ndiye aliyelitambua jambo ambalo mimi nilikuwa nalitamka kila siku bila kulisikia. Tulikuwa tumeketi kwenye ukingo wa bustani, tumechoka, nikimtajia mitaa: kule juu Milimani, huku chini Bondeni, pale Kivumbini.

Akacheka. "Ninyi mmeandika ramani kwa majina."

Na ni kweli. Nakuru imelala kwenye mteremko. Kaskazini uko mlima Menengai, kusini liko ziwa. Wakati wa ukoloni Wazungu walijenga juu, kwenye hewa safi na mandhari ya ziwa, pakaitwa Milimani. Katikati yakawa maduka ya Wahindi. Mwafrika akapewa sehemu ya chini, karibu na vumbi linalopeperuka kutoka ziwani wakati wa kiangazi. Bondeni. Kivumbini. Jina la Nakuru lenyewe limetokana na neno la Kimaasai linalohusu mahali pa vumbi, kwa hivyo mtaa wa Kivumbini unarudia kwa Kiswahili kile ambacho Wamaasai walikisema zamani. Ubaguzi uliokuwa kwenye vitabu vya sheria ulifutwa, lakini mteremko haukufutwa. Teremka kutoka Milimani hadi Bondeni kwa mguu, na magoti yako yatakueleza nani aliwekwa wapi na kwa nini. Njiani ua wa mawe unakuwa wa michongoma, wa michongoma unakuwa wa mabati, kisha nyua zinakwisha na milango inafunguka moja kwa moja barabarani.

Ndiyo maana nasema mji huu husomwa kwa miguu. Gari husawazisha kila kitu, likakunyima mteremko huo.

Bondeni tulikunywa chai ya tangawizi kwenye kibanda, na wifi yangu, kwa masikio ya Kimvita, akamsikiliza mzee mmoja akieleza jinsi mtaa ule ulivyokuwa na ngoma na maulidi siku za nyuma. Walizungumza kama ndugu waliopotezana. Mimi, mwenyeji, ndiye niliyekuwa mgeni pale mezani.

Mtoto aliyetuvusha

Siku iliyofuata tulikwenda Hyrax Hill, kilima cha pimbi, kilomita 4 hivi kutoka katikati ya mji upande wa kwenda Nairobi. Kilomita 4 si safari. Kwa mwendo wa kawaida ni saa moja, na asubuhi ya Nakuru ina baridi nzuri ya kutembea, kwa kuwa tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Nilikataa matatu. Nilitaka tutembee.

Nilikosea kudhani kwamba umbali ndio tatizo. Barabara ile ndiyo njia kuu ya mizigo kutoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba, Kampala na Kigali. Malori hayaishi. Mahali penye kijia tulitembea vizuri, kisha kijia kikakatika bila kwaheri, tukajikuta kwenye vumbi la kando, na bodaboda zikitujia kwa mbele na kwa nyuma. Mara mbili tuliruka mtaro.

Kisha tukahitaji kuvuka. Tulisimama. Nilihesabu malori 17, nikaacha kuhesabu. Kando yetu akaja kusimama mvulana wa shule, sidhani alizidi miaka 8, mkoba mgongoni. Alitutazama, akaona hofu yetu, akatuonea huruma.

"Mama, mkimbie nikisema sasa. Msisimame katikati."

Akasema sasa. Tukakimbia, wanawake wawili wazima, nyuma ya mtoto wa miaka 8. Tulipofika ng'ambo alitupungia mkono akaenda zake. Wifi yangu alikaa chini kwenye jiwe. Hakuwa amechoka. Alikuwa akilia. "Anayafanya haya kila siku," aliniambia, "na siku moja atasema sasa kabla ya wakati."

Tangu siku ile siwezi kuzungumzia utalii wa Nakuru bila kumkumbuka mtoto yule. Katika nchi hii, kundi linalopoteza watu wengi zaidi barabarani ni la waenda kwa miguu, mwaka baada ya mwaka. Wanaokufa si watu waliopotea njia. Ni watu wanaokwenda dukani.

Lakini niseme pia tulichokikuta baada ya kuvuka, maana ndicho kinachoniuma zaidi. Hyrax Hill ilichimbuliwa na mwanaakiolojia Mary Leakey kuanzia mwaka 1937, ikatangazwa kuwa turathi ya taifa 1943, na makavazi yakafunguliwa katika nyumba ya shamba mwaka 1965. Juu ya kilima kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Bao lilelile ambalo wazee wa pwani hulicheza barazani alasiri. Wifi yangu aliokota vijiwe, akavitia kwenye mashimo, akaanza kucheza peke yake. Kuna mabonde madogo ardhini ambako watu wa kale, tunaowaita Wasirikwa, walizuia ng'ombe wao. Na kuna makaburi ya maelfu ya miaka ambamo wanawake walizikwa na sahani na michi ya mawe, wanaume wakazikwa mikono mitupu. Tulisimama pale kwa muda mrefu. Ni nani aliyeamua kwamba mama aende na vyombo vyake? Je, ilikuwa heshima, au kazi ilimfuata hadi kaburini? Nimeishi kilomita chache kutoka kwa akina mama hawa nusu ya maisha yangu.

Kwa saa mbili tulizokaa, tulikuwa karibu peke yetu.

Ziwa halituhakikishii kitu

Wako watakaosema Nakuru ina ziwa, na ziwa linatosha. Tulitazame ziwa. Hifadhi ilitangazwa kuwa ya taifa mwaka 1968, na tangu 2011 ziwa hili pamoja na Bogoria na Elementaita yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni fahari kubwa. Lakini ndani ya hifadhi hairuhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali maalumu, na ni haki, kuna simba na vifaru. Mgeni asiye na gari hana sehemu. Mwananchi wa Kivumbini anayekaa hatua chache kutoka ua wa umeme wa hifadhi naye hana sehemu.

Zaidi ya hayo, ziwa limebadilika. Maji yamepanda kwa zaidi ya mwongo mmoja, magadi yamepungua makali, chakula cha heroe kimepungua, na makundi makubwa ya ndege hao yakahamia Bogoria na kwingineko. Maji yalimeza lango kuu la zamani na yakazifukuza familia kutoka nyumba zao Mwariki na Barut. Mji uliojitangaza kwa rangi ya waridi kwa miaka mingi umegundua kwamba waridi lina mabawa. Reli, ukumbi, mashimo ya bao, mteremko wa Milimani hadi Bondeni, hivi haviruki kwenda kwa jirani.

Na watu hupenda kutembea. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni hifadhi unayoruhusiwa kuizunguka kwa miguu na kwa baiskeli, na wikendi vijana wa Nairobi hujaa pale. Longonot hupandwa kwa mguu tu. Menengai yenyewe, kasoko yenye upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, ambayo wazee husimulia kwamba imeitwa hivyo kwa sababu ya maiti za vita vya Wamaasai wao kwa wao, iko juu ya vichwa vyetu. Lakini wanaopanda kutoka mjini hupanda kwa makundi kwa kuogopa wezi. Lamu, mji wa Urithi wa Dunia tangu 2001, humpa mgeni hasa kutembea vichochoroni, na kutokana na matembezi hayo huishi wapishi, mabaharia, wachonga milango na wenye nyumba za wageni.

Shilingi inapita wapi?

Mgeni wa garini hununua maji na ndizi. Mgeni wa miguu hununua mahindi choma, hukaa kunywa chai, hutengenezewa kiatu, hupakiwa kiatu rangi, huuliza njia, humlipa kijana anayemwongoza, huingia dukani kukimbia mvua akatoka na leso. Shilingi zake ni ndogondogo na huangukia mikono mingi. Penye msafara wa magari, pesa hulipwa Nairobi kabla safari haijaanza.

Kwa wenyeji hesabu ni kali zaidi. Tuseme nyumba ina watu 3 wanaokwenda kazini na shuleni umbali wa kilomita 2, umbali ambao mtu mzima mwenye afya angeutembea kwa nusu saa. Kwa kuwa njia si salama, wanapanda matatu kwa shilingi 30 kwenda na 30 kurudi. Kwa siku 22 za mwezi ni shilingi 3,960. Hizo ni unga, ni mafuta ya kupikia, ni sehemu ya kodi ya nyumba. Mtu halipi nauli hiyo kwa sababu ya uvivu. Analipa ili afike akiwa mzima.

Nimewasikia wengine wakiwatupia lawama wachuuzi kwamba ndio waliofunga njia. Sikubaliani nao. Mchuuzi hufuata miguu. Akiwa kando ya njia pana yenye taa, usiku yeye ndiye macho ya mtaa, na mwanamke anayerudi kazini hupita kwa amani kwa sababu kuna mtu anayeuza mayai na njugu pembeni. Tatizo ni kijia chembamba kinachowalazimisha mchuuzi na mpita njia kugombania mita moja. Kipanue, wataenea wote wawili.

Mikono mingi, mguu mmoja

Katika baadhi ya barabara za katikati ya mji kumewekwa vijia vya kabro miaka ya karibuni, na ninavisifu. Unaona mara moja tofauti: wazee wanatembea wameinua vichwa. Shida ni kwamba vijia hivi haviungani. Ukitembea asubuhi moja kama tulivyotembea sisi, unaanzia kwenye ardhi ya Shirika la Reli, unaingia mitaa ya kaunti, unapita barabara kuu iliyo chini ya serikali ya kitaifa, unafika kilima cha Makavazi ya Kitaifa, na mbele yako uko ua wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kila mmoja anatunza kipande chake. Mguu wa binadamu haujui mipaka hiyo. Unajua tu mahali kijia kilipokatikia.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti barabara zake, taa za barabarani, utalii wa ndani na makavazi. Kwa hivyo kaunti ndiyo yenye sababu kubwa zaidi ya kuwaita wengine mezani. Sitaki mnara wala jengo la mabilioni. Nataka njia moja isiyokatika, kutoka stesheni hadi Hyrax Hill kupitia Bondeni: kijia kinachotosha watu wawili kupishana na mkokoteni, taa, vivuko ambapo gari husimama kweli, miti ya kivuli, na vibao vya Kiswahili na Kiingereza vinavyosema nini kilitokea wapi. Vijana waliosoma historia na utalii hapa kwetu wapewe vibali vya kuongoza wageni katika njia hiyo. Penye miti hakuna wajenzi, hulalamika wazee. Nakuru ina miti na ina wajenzi, wamekaa vijiweni wakingoja bodaboda za mkopo.

Kila mwaka, kabla ya bajeti, kaunti hulazimika kisheria kusikiliza maoni ya wananchi. Vikao hivyo huwa na viti vingi vitupu. Mwaka huu nitakwenda kusema haya niliyoyaandika, na ninakuomba nawe msomaji uje, hasa kama una mtoto anayevuka barabara kubwa kwenda shule. Uje na jina la mahali anapovukia, na litajwe mbele ya waliotumwa kuandika. Wifi yangu ameahidi kurudi Desemba na wanawe wawili, mmoja ana miaka 6 na mwingine 9. Wanataka kucheza bao juu ya kilima, na wanataka kwenda kwa miguu.